Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu Apewe Programu Aivunje

Kila msimu wa field napokea wanafunzi wa kompyuta hapa Tanga, na karibu wote huja na kichwa cha mradi kilekile: "Mfumo wa Kusimamia…", halafu jaza mwenyewe: duka la dawa, maktaba, hosteli. Siwalaumu, ndivyo walivyozoeshwa vyuoni. Ila ukishaujenga mfumo wa maktaba, umejua nini ambacho jana ulikuwa hukijui?

Kazi yangu ni usalama na uimara wa programu, kwa hiyo mimi siwapi cha kujenga. Nawapa programu fupi iliyokwisha kuandikwa, inayopokea uzito wa marobota ya katani kutoka kwenye mizani na kuuandika kwenye faili. Swali ni moja tu: umeme ukikatika inapoandika, kinapotea nini?

Wote hujibu papo hapo: rekodi ya mwisho. Haya, thibitisheni. Tunachukua kompyuta kuukuu ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), tunaandika programu ya pili inayoilisha uzito wa kubuni mfululizo, kila rekodi na namba yake. Kila mara programu ya kwanza inapojibu "imehifadhiwa", jibu hilo linanakiliwa kwenye kompyuta nyingine. Kisha unazima swichi ya ukutani. Washa, linganisha, rudia.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Rekodi nyingi zilizokwisha kutangazwa "imehifadhiwa" hazimo. Sababu ni kwamba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta kama Windows au Linux, hauandiki kwenye diski papo hapo. Hukusanya data kwenye memori kwanza, na Linux kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kuikalia kwa sekunde 30 hivi, mpaka programu iulazimishe kwa amri ya fsync. Linalonitisha zaidi ni mstari uliokatika katikati. Robota la kilo 183 linabaki 18. Hakuna kengele inayolia, maana 18 nayo ni namba halali, na mkulima analipwa kwa hiyo.

Utafiti wenyewe unaanzia kwenye ubishi. Kuna anayekuja na matokeo safi, hakuna kilichopotea hata mara moja. Ukimuuliza alizimaje, anasema aliifunga programu kwa nguvu. Hiyo ni ajali nyingine kabisa: programu imekufa, lakini mfumo endeshi uko hai na utaimalizia ile data kwa raha zake. Ndiyo maana kwenye ripoti nadai ukurasa mzima unaoeleza jaribio lako lingeweza kukudanganya vipi. Wanauchukia ukurasa huo kuliko msimbo wenyewe.

Msidhani ni kazi ya maprofesa peke yao. Mwaka 1988, Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwapa wanafunzi wake zoezi la darasani: mwageni herufi za ovyoovyo kwenye programu za kawaida za mfumo endeshi wa Unix, muone zipi zitaanguka. Ripoti iliyotoka 1990 ilionyesha kuwa kati ya robo na theluthi ya zilizojaribiwa zilianguka au kuganda. Leo mbinu hiyo inatumika duniani kote kusaka mianya ya usalama.

Jioni tunasoma mikasa. Ninaoupenda ni wa Therac-25, mashine ya mionzi ya saratani iliyowazidishia dozi wagonjwa sita kati ya 1985 na 1987, baadhi yao wakafa. Moja ya hitilafu zake ilikuwa kihesabio cha baiti moja, kinachobeba 0 hadi 255 tu: kila mzunguko wa 256 kilirudi 0, na 0 ilimaanisha hakuna haja ya kukagua. Nawaambia wahesabu kwa kalamu mpaka wafike wenyewe.

Wasimamizi wengine hulalamika kwamba mwanafunzi "hana cha kuonyesha". Anacho: jedwali la matokeo, na programu iliyotengemaa kwa mistari michache, fsync pamoja na namba ya uhakiki mwishoni mwa kila rekodi, inayokokotolewa kutoka kwenye rekodi yenyewe ili iliyokatika ijulikane. Tahadhari moja: msijaribu haya kwenye kompyuta ya ofisi ya watu.

Kundi la sasa linataka kurudia jaribio kwenye simu, kwa kuchomoa betri. Simu za siku hizi betri hazichomoki, kwa hiyo tunazunguka Ngamiani kwa mafundi tukitafuta za zamani. Mwenye nayo alete, hata kama kioo kimepasuka.