Je, wajua "askari wa mwisho" wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa mtoto tu?

Walter Williams alipofariki Houston, Texas, tarehe 19 Desemba 1959, Rais Eisenhower alitangaza maombolezo ya taifa. Mzee alidai ana miaka 117 na kwamba aliwahi kupigania Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, katika vita hivyo vya 1861 hadi 1865. Wenzake wote walikuwa wameshatangulia.

Kilichomuumbua ni sensa. Mwaka 1860, karani aliyepita nyumba kwa nyumba wilayani Itawamba, Mississippi, alimwandika kwenye orodha ya familia yake: umri, miaka 5. Vita vinakwisha, yeye ana kama kumi hivi! Mwandishi wa habari mmoja alikuwa ameshalifichua hilo miezi michache kabla ya kifo chake, lakini heshima za mkongwe wa mwisho akapewa vilevile.

Kwa nini tumwamini karani kuliko mwenye umri wake? Kwa sababu mwaka 1860 hakuna aliyekuwa na faida ya kudanganya. Pensheni ilikuja baadaye. Majimbo ya Kusini yaliwalipa askari wao yenyewe, na kwa kuwa kumbukumbu nyingi za jeshi lao zilipotea, mara nyingi viapo vya mashahidi vilitosha. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, mzee wa miaka sabini na kitu asiye na kipato alihitaji tu kujiongezea miaka kadhaa. Nani angembishia, ilhali waliopigana kweli wako makaburini? Binafsi siwezi kuwalaumu sana.

Mwaka 1991 mwanahistoria William Marvel aliwapekua wakongwe wa mwisho wa Kusini mmoja mmoja. Wa kweli wa mwisho aliyempata ni Pleasant Crump wa Alabama, aliyefariki 31 Desemba 1951.

Kwa askari weusi waliotoka utumwani njia hii hukwama: sensa ya 1860 iliwahesabu watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Tena umri wa uongo peke yake haumfanyi mtu kuwa askari wa uongo. Albert Woolson, mpiga ngoma wa kikosi cha mizinga cha Minnesota upande wa Kaskazini, alifariki Duluth mwaka 1956 akihesabiwa miaka 109. Sensa ya 1850 inaonyesha alizaliwa mwaka huohuo, kwa hiyo alikuwa na 106. Lakini orodha ya kikosi chake ipo, na jina lake limo: aliandikishwa Oktoba 1864, kijana wa miaka 14.