Je, Wajua? Misuli ya Vidole vya Mpiga Besi Haiko Vidoleni

Weka kiganja mezani kikitazama chini. Kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja mpaka kifundo chake kiguse meza, na vingine vinne viache vimenyooka. Sasa nyanyua kimoja kimoja. Gumba kinapanda. Cha shahada kinapanda. Cha mwisho nacho kinapanda, pengine kwa kusitasita. Cha pete unakiamuru na hakisikii.

Wapiga gita la besi wengi humalizia hapo kwa kusema kidole hicho ni dhaifu, na dawa wanayopeana ni ileile: tafuta mpira wa tenisi, ukamue asubuhi na jioni. Ushauri huu una wafuasi wengi hasa pale ambapo gita halilali nyumbani. Tabora na Kigoma, besi ya kwaya hukaa ofisini kanisani mpaka siku ya mazoezi, na besi ya bendi ni mali ya bendi. Hata enzi zile Tabora ilipotajika kwa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, jambo la kawaida nchini lilikuwa vyombo kuwa vya bendi, si vya mpigaji. Kwa hiyo swali la kufanya mazoezi bila gita si la uvivu. Jibu la mpira ndilo lenye matatizo.

Kosa linaanzia kwenye picha tuliyo nayo ya mkono. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Mna mifupa, kano, mishipa, mafuta na ngozi. Misuli midogo ya kutanua na kubana vidole iko kiganjani, na ile mikubwa ya kazi nzito iko kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kuhakikisha ni rahisi: shika kigasha cha kushoto karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono huohuo. Kile kinachotambaa chini ya ngozi ndicho kinachopiga besi.

Fikiria breki ya baisikeli, ile ya waya, si ya vyuma. Kinachobanwa kiko kwenye usukani, mpira unaokamata rimu uko mbali, na katikati kuna waya unaoteleza ndani ya ganda lake. Msuli ndio mkono wa breki, kano ndiyo waya, na kidole ndicho mpira. Sasa chukua waya wa mbele na wa nyuma, uzifunge zote kwenye mkono mmoja wa breki, halafu ziunganishe kwa kipande cha kamba katikati ya njia. Ukibana, zinavutika pamoja. Ukizuia mmoja, wa pili nao unakwama. Fundi atakayekwambia ununue mpira mpya wa breki hajaliona tatizo.

Ndivyo mkono ulivyo. Msuli mkuu wa kunyoosha vidole vinne ni mmoja, unatoa kano kwenda kwa kila kimoja, na mgongoni mwa mkono kano hizo zimefungwa kwa vikanda vifupi. Cha shahada na cha mwisho vimepewa kila kimoja msuli wa ziada wa kunyoosha. Cha kati na cha pete havikupewa. Ukikunja cha kati, kano yake inavutwa mbele, kikanda kinaivuta na ya jirani, na amri ya kupanda haifiki. Upande wa kukunja hali inafanana: msuli wa ndani unaokunja ncha za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho umeshikamana sana. Vikanda hutofautiana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana kuna wanaonyanyua cha pete kidogo na kuanza kujisifu.

Katika miaka ya 1880, daktari wa upasuaji William Forbes wa Philadelphia, Marekani, aliwakata wanamuziki vikanda hivyo ili kukifungua kidole cha pete. Upasuaji huo ulikuwa na washabiki wake kwa muda, kisha ukaachwa. Kukata kamba hakuugawi mkono wa breki, na ubongo nao umezoea kuviamuru vidole hivi kwa pamoja.

Mpira wa tenisi, basi, unazoeza kukunja vidole vyote kwa wakati mmoja, na hicho ndicho mpiga besi anataka kukiacha. Tena anayepiga pampu ya kisima au kushika jembe msimu mzima ana nguvu ya kubana kuliko besi inavyohitaji. Noti inayokwaruza mara nyingi inatokana na kidole kukaa katikati ya nafasi badala ya kukaa karibu kabisa na freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo ya gita), nyuma yake.

Kinachofaa bila gita ni kuzoeza utengano, na hapo vipimo vya besi vinasaidia. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, kama sentimita 86. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 13. Kwenye gita la solo la inchi 25.5 ni kama 9.7 tu. Ukisogea freti ya tano hadi ya nane, besi inashuka hadi kama sentimita 10. Chukua mpini wa ufagio, uchore mistari minne kwa kalamu, ikiachana sentimita 3.6, 3.4 na 3.2. Hiyo ndiyo freti ya tano mpaka ya nane. Upande mwingine chora 4.6, 4.3 na 4.1 kwa freti za chini, ya kwanza mpaka ya nne, lakini usianzie huko. Anayelazimisha kutanuka sentimita 13 wiki ya kwanza hupinda kifundo cha mkono, na kano zinazopita kwenye kona kali husuguana na maganda yake.

Shika mpini kama shingo ya gita, gumba likiwa nyuma, bila kubana. Gusa kidole kimoja kwa kila mdundo, midundo 60 kwa dakika. Saa ya ukutani inayogonga sekunde inatosha. Mpangilio wa 1-2-3-4 (1 ni cha shahada, 4 ni cha mwisho) kila mtu anaujua na haufundishi mengi. Mipangilio ya vidole vinne iko 24, na mizito ni ile inayogombanisha cha pete na cha mwisho: 3-4-1-2, 4-3-2-1, 1-4-3-2. Fanya mitatu kwa siku, dakika mbili kila mmoja. Angalia vidole visivyo na zamu: vikiruka zaidi ya sentimita moja kutoka kwenye mpini, punguza mwendo. Ukijikuta umebana pumzi au umekaza bega, umeshaanza kutumia nguvu.

Mkono wa kulia unahitaji mshono wa suruali tu. Fanya mshono wa pembeni kuwa uzi, uchote kwa cha shahada na cha kati kwa zamu, bila kurudia kimoja mara mbili. Tia mkazo kwenye pigo la kwanza la kila mapigo matatu: mkazo utahama kidole chenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza. Nyimbo za kwaya za 6/8, yaani mapigo sita yanayohesabiwa matatu matatu, huumbua udhaifu huu upesi. Safari ya treni kutoka Tabora hadi Kigoma ina muda wa kutosha kwa hili, na jirani yako hatasikia kitu.

Kwa misuli ya kunyoosha, kata pete nyembamba ya tyubu ya baisikeli, upana wa nusu sentimita, ivishe vidole vyote vitano karibu na ncha, uvitanue polepole mara 10 hadi 12. Mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Pete nene hukaza mno na gumba ndilo hulipa. Asubuhi za Juni na Julai Tabora, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, pasha mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza.

Ahadi ziwe ndogo hata hivyo. Ustadi wa mkono hufuata kifaa, na mpini hauna uzani wa uzi wala sauti ya kukusahihisha. Tazamia vidole vitulie zaidi, si upige haraka zaidi. Na kwenye freti za chini unaweza kuikwepa vita yenyewe: Franz Simandl, mpiga kontrabesi (besi kubwa ya kusimamisha) wa Vienna, alifundisha kutumia 1, 2 na 4, huku cha pete kikisukuma pamoja na cha mwisho. Wapiga besi wengi hufanya hivyo mpaka freti ya tano.

Uchovu kwenye kigasha ni wa kawaida na huisha kwa kupumzika. Ganzi, vidole kuchonyota, au maumivu upande wa gumba yanayobaki mpaka kesho yake ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali, hata kama Jumapili kuna tamasha la kwaya.