Spesa haziimarishi usukani wa gari la zamani

Kwa wapenzi wa magari ya zamani hapa Mbeya, imani ni ile ile miaka nenda rudi: weka spesa (kipande cha duara kinachokaa kati ya rimu na habu), toa tairi za mbele nje, gari litatulia. Usukani ukivuta, alaimenti itamaliza.

Ni kweli, upana ukiongezeka gari hulala pungufu kidogo kwenye kona, lakini faida inaishia hapo. Tairi la mbele hugeuka kwa kufuata mstari unaopita kwenye boljointi (viungo ambavyo tairi hugeukia) ya juu na ya chini hadi ardhini. Kwenye magari mengi ya zamani, mstari huo hugusa barabara ndani kidogo ya katikati ya tairi, na nafasi hiyo ilipimwa kiwandani. Chungulia rimu ya aloi, nyingi zimeandikwa ET na namba, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu. Ukitoka ET25 kwenda ET0 kwa upana ule ule, tairi limesogea nje milimita 25, kama vile umeweka spesa ya unene huo. Ni sawa na kurefusha mpini wa spana: shimo dogo tu linapokonya usukani mikononi. Kwenye mteremko wa Kitonga, breki ya upande mmoja ikishika zaidi, gari linavutwa huko. Beringi nazo zinaelemewa.

Alaimenti hurekebisha pembe za tairi. Milimita hizo hairudishi, na inaniuma kuona watu wakilipia mara kwa mara. Anayetaka rimu pana achague inayoongezeka zaidi kwa ndani, kisha akate usukani hadi mwisho pande zote kuhakikisha haigusi kitu.