Afya ya kidijitali katika uuguzi wa upasuaji wa ubongo

Afya ya kidijitali katika uuguzi wa upasuaji wa ubongo ni matumizi ya vifaa vya kielektroniki na programu za kompyuta katika kupima, kuandika, kulinganisha na kupashana taarifa za mgonjwa, kabla ya upasuaji, akiwa mezani na baada ya kutoka. Humo mna faili la kielektroniki kama la GoTHOMIS (mfumo wa serikali wa taarifa za hospitali), monita ya kando ya kitanda, kishikwambi cha muuguzi, picha za CT (za kuonyesha ndani ya kichwa) zinazotumwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, hata ujumbe wa simu wa kumkumbusha mzazi siku ya kliniki. Roboti si lazima.

Faida yake kubwa ni kuonyesha mwelekeo. Damu ikianza kujikusanya ndani ya fuvu baada ya upasuaji, hatari ambayo ni kubwa zaidi katika saa 6 za mwanzo, dalili ya kwanza huwa ndogo. Kipimo cha fahamu cha Glasgow kina alama 3 hadi 15: macho 4, usemi 5, mwitikio wa viungo 6. Mgonjwa akiwa na 15 saa sita mchana, 14 saa saba na 13 saa nane, kila muuguzi akitazama alama yake peke yake haoni la kumshtua. Programu nzuri huchora alama hizo kwenye mstari mmoja na kupiga kengele zinaposhuka kwa 2, au mwitikio wa viungo ukishuka hata kwa 1 na kubaki hapo nusu saa. Hukumbusha pia muda wa kupima. Kwa majeruhi wa kichwa, ratiba mojawapo inayofahamika ni kila nusu saa mpaka afikie 15, kisha kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila baada ya saa 2.

Kengele hiyo haina maana kama alama zimeingizwa kwa jumla tu. Macho, usemi na viungo viandikwe kila kimoja peke yake. Mwenye mpira wa kupumulia huandikiwa T kwenye usemi, maana hajashindwa kusema, amezibwa. Na hapa Dodoma kuna mtego ambao watengeneza programu wengi hawaufikirii: bibi wa Chamwino anayejua Kigogo tu, akiulizwa kwa Kiswahili yuko wapi na leo ni siku gani, anaweza kupewa 4 kati ya 5 za usemi kwa kudhaniwa amechanganyikiwa. Kwa hiyo, kabla ya upasuaji, faili liwe na nafasi ya lugha anayoielewa, usikivu, mkono uliokuwa dhaifu tangu zamani, na ukubwa wa kila mboni kwa milimita. Jicho lililowahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho linaweza kuwa na mboni isiyosinyaa vizuri kwenye mwanga. Asiyejua hilo atamwamsha daktari usiku kwa jambo la miaka mitano iliyopita.

Sehemu ngumu zaidi ni mrija wa kutoa maji ya ubongo. Sifuri ya kipimo huwekwa usawa wa tundu la sikio, na kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30. Mtu akiinua kitanda bila kupanga upya kipimo, maji hutoka kupita kiasi. Akikishusha, hukoma kutoka na shinikizo hupanda. Kosa la sentimita 10 hubadilisha namba kwa takriban milimita 7 za zebaki, kiasi cha kumfanya mgonjwa mzima aonekane mahututi au mahututi aonekane mzima. Tena namba inayosomwa wakati mrija uko wazi haiaminiki; ufungwe kwanza kwa dakika chache, kisha usomwe. Programu iulize “umehakiki usawa?” kabla ya kupokea namba. Ikipokea, ikokotoe yenyewe: wastani wa presha ya damu 85 ukiondoa shinikizo la ubongo 25 unabaki 60, yaani msukumo wa kupeleka damu ubongoni, na hilo 25 limeshapita 22, kiwango ambacho kwa kawaida matibabu huanza. Saa nzima ikipita bila tone, tafuta mkunjo au kibano kilichosahaulika, kisha mwite daktari. Usisukume maji mrijani mwenyewe.

Mambo huharibika kwa sababu za kawaida sana. Vipimo huandikwa karatasini na kuingizwa vyote mwisho wa zamu, kengele ikalia kwa tukio la saa tano zilizopita. Alama za zamu iliyopita hunakiliwa bila mgonjwa kuguswa. Kengele zikiwa nyingi, mtu huzizima. Saa ya monita ikitofautiana na ya kompyuta, mfuatano unapotea. Umeme ukikatika, fomu za karatasi ziwe tayari, na ajulikane nani atakayezihamishia kwenye mfumo.

Kwa rufaa za kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, tuseme kutoka Manyoni, Kondoa au Mpwapwa, zitumwe picha kamili za CT. Picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu huweza kuficha utando mwembamba wa damu, na ikiwa na jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, inagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa watoto wa kichwa kikubwa waliowekewa mpira wa kupitisha maji, ujumbe wa simu utaje dalili za hatari kwa maneno ya nyumbani: kutapika, kulala mno, utosi kuvimba, macho kutazama chini, homa. Iandikwe namba ya anayelala na mtoto, maana namba iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya baba, na huenda baba yuko machimboni.