Mguu Mmoja Umevimba? Usikandwe

Mguu ulikuwa unateleza kwa mafuta ya simsim. Mzazi aliyejifungua siku 19 zilizopita, ametoka Faza kwa boti, paja la kushoto limejaa hadi ngozi inang'aa. Ilibidi niyapanguze mafuta kwanza ndipo nipake jeli ya ultrasaundi, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Mkandaji alikuwa ameshapita siku 4 mfululizo. Miguu ya namna hii naiona mara kwa mara hapa Lamu, kwa hivyo leo nayajibu maswali yenu pamoja.

Damu kuganda mguuni ni nini?
Ni bonge la damu ndani ya mshipa wa vena, ule unaorudisha damu moyoni. Njia ikizibwa, mguu hujaa. Mara nyingi huwa mguu mmoja, huvimba kwa siku moja au mbili, una joto, shavu la mguu linauma. Matende hayaji hivyo, hayo huchukua miaka. Wala hajakanyaga kitu alichowekewa.

Kwa nini wazazi?
Damu ya mjamzito na ya aliyejifungua huganda upesi, mwili unajikinga asivuje nyingi. Hatari hubaki kubwa kama wiki 6, yaani ile ile arubaini yetu. Nasi ndipo tunapomlaza kitandani kama sultani! Mwacheni atembee ndani ya nyumba, anywe maji.

Lakini mkandaji wetu ana mkono mzuri.
Sina ugomvi na mkono wake. Akande mgongo, amfunge tumbo. Mguu mmoja uliovimba usikandwe. Bonge likikatika hupanda na damu, hupitia moyoni, likaenda kukwama mapafuni, na mtu anaweza kufa papo hapo.

Akikanda polepole?
Hapana.

Kwa maji moto tu?
Hapana. Si kwa simsim, si kwa nazi, si kwa maji moto, wala asiumikwe. Usikandwe.

Mbona wewe unaubonyeza kwa mashine?
Swali zuri. Nabonyeza kidogo, mahali pamoja, macho yangu yako kwenye kioo. Mshipa mzima hubonyea ukafumba, wenye bonge hukataa. Nikiliona, naacha.

Nimeona kwenye simu kuna chembe za nano zinazopeleka dawa kwenye bonge. Si tuzisubiri?
Msisubiri. Kilichopo tayari, tena cha kung'arisha picha ya ultrasaundi tu, ni viputo vya gesi vilivyovikwa utando wa mafuta au protini, kila kimoja hakizidi sana chembe nyekundu ya damu. Damu yenyewe hurudisha mwangwi hafifu. Viputo vikidungwa mshipani hutetemeka kwa mawimbi ya sauti, picha ikang'aa, na baada ya dakika chache gesi yake hutoka kwa pumzi. Marekani na Ulaya hutumika hasa kuangalia moyo na ini. Chembe za nano ni ndogo zaidi (nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni), na nia ni zibebeshwe dawa, kisha mawimbi yazipasue pale pale inapohitajika. Kwa bonge la mguuni, kazi hiyo ingali mikononi mwa watafiti. Mguu wako umevimba leo.

Basi tiba yake?
Sindano za heparini, kisha mara nyingi vidonge kama warfarini, kwa miezi 3 au zaidi. Haziliyeyushi bonge. Hulizuia lisikue, mwili ukilimaliza wenyewe taratibu. Heparini na warfarini hazimzuii mama kunyonyesha. Usiache dawa kwa sababu uvimbe umeshuka!

Tungoje boti ya asubuhi?
Pumzi zikimbana ghafla, kifua kikimchoma au akikohoa damu, tafuteni boti yoyote usiku huo huo. Kama hana hayo, boti ya kwanza kuondoka, si ya Ijumaa baada ya mkandaji kumaliza siku zake. Na njiani, mguu msiukande.

Yule mzazi wa Faza bonge lilikuwa limefika nyongani. Ameanza sindano. Mama mkwe akaniuliza kwa upole kama anaweza kuukanda ule mguu wa pili, kidogo tu, usije ukaona wivu. Nikamwambia, Bi mkubwa, hiyo chupa niachie hapa mezani.