Chanctonbury Ring: Miti Michanga Juu ya Kilima cha Kale

Wengi wanaopanda kilima cha Chanctonbury, katika kaunti ya West Sussex kusini mwa Uingereza, huamini kwamba miti iliyoko kileleni ni masalio ya msitu mtakatifu wa makuhani wa Wakelti, watu walioishi Uingereza kabla ya Warumi. Ukweli ni kwamba miti hiyo ndiyo michanga kuliko chochote kingine cha kihistoria mahali hapo. Ilianza kupandwa mwaka 1760 na Charles Goring, kijana wa familia iliyomiliki ardhi ya Wiston chini ya kilima. Ilikuwa miti ya jamii ya mwaloni, yenye gome laini la kijivu, na inasimuliwa kwamba alikuwa akikwea kilima na chupa za maji ili kuinywesha miche, kwa kuwa udongo wa pale ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa chaki, uliotokana na maganda ya viumbe wadogo mno wa bahari ya kale.

Wengine hudhani duara lenyewe, yaani "Ring" ya jina la mahali hapo, ni la miti. Sivyo: duara ni tuta la udongo na handaki lake, lililojengwa karne kadhaa kabla ya Warumi kufika, naye Goring aliufuata tu mzingo huo.

Je, hapakuwa na ibada kabisa? Ilikuwapo, tena ya kuvutia kuliko hadithi ya wenyeji kwamba shetani hutokea ukilizunguka duara hilo mara saba. Uchimbuaji wa mwaka 1909 ulifichua msingi wa hekalu la zama za Warumi, na baadaye likachunguzwa jengo la pili ambamo mifupa ya vichwa na mataya ya nguruwe ilikuwa imejaa, ishara ya kafara zilizotolewa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mche wa kwanza kupandwa.

Husemwa pia kwamba dhoruba ya usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987, iliyoangusha sehemu kubwa ya miti, ndiyo iliyoharibu historia ya kilima. Kwa kweli mizizi ilikuwa imeyachokonoa mabaki hayo kwa zaidi ya karne mbili, na ingawa miti iling'oka na udongo wake, anguko hilo liliwapa wanaakiolojia nafasi ya kuchimba kwa upana zaidi. Kwa hiyo mingi ya miti anayoiona mgeni leo ilipandwa baada ya dhoruba, na haijafikisha hata miaka 50.