Usimbaji wa kujitungia si salama zaidi

Waunda programu wengi huamini kuwa njia ya kusimba ujumbe (kuugeuza usisomeke bila ufunguo wa siri) waliyoibuni wenyewe ni salama zaidi, eti kwa kuwa hakuna anayeijua. Wapi! Mtaalamu wa usimbaji Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo usitegemee kufichwa. Siri iwe ufunguo tu. Programu ikishaingia kwenye simu za watu, atatokea wa kuifumua.

Itifaki ya Signal, yaani kanuni za usimbaji za programu ya ujumbe ya Signal, inayotumiwa pia na WhatsApp, iko wazi na wataalamu wameipekua kwa miaka. Kila ujumbe hupata ufunguo wake, ambao hufutwa ukishatumika, hivyo anayeiba ufunguo wa leo hasomi ya jana. Kwa makundi makubwa ipo itifaki ya MLS (Messaging Layer Security), iliyochapishwa mwaka 2023. Hata hapo, chukua maktaba ya programu (msimbo ulioandikwa tayari) iliyokwisha kukaguliwa. Usiandike hesabu zake upya.